Herufi Moja

Saa saba za usiku, Duluth, ziwa limeganda,
na nyuma ya ukuta wangu Maren anajikaba koo.
Ain, anasema. Simu: jaribu tena.
Ain. Jaribu tena.
Nimelala, nimeamka, bado wanabishana.

Ana kadi mia nne ndani ya kile kioo,
ana mstari wa kijani unaopanda na kushuka
ukimpima pumzi kama daktari wa moyo.
Siku thelathini na sita hajakosa somo.
Asilimia tisini na nne! akaniambia kwenye foleni ya mayai,
sauti imemkauka.

Jumamosi akaenda kwa Mundhir, mwokaji wa kutoka Homs.
Akavua glavu, akanyoosha mgongo,
akaomba mkate kwa irabu zote, hadi ya mwisho.
Jamaa akaacha mizani. Akacheka mpaka unga ukamdondoka nyusini.
"Dada, umenisomea taarifa ya habari!
Sema biddi. Biddi khubz. Nataka mkate, basi."
Kisha akamwongezea wa pili, bila malipo,
kwa ajili ya ile ain.

Hakuudhika. Alimrekodi.

Sasa usiku ukuta unacheka.
Anarudisha nyuma sekunde tatu, tena tatu:
neno, kicheko, kishindo cha sinia,
naye anafuatisha, neno kwanza,
halafu, polepole, hicho kicheko,
ambacho simu haijui ikipe alama ngapi.