Kanuni ya Majina, Chumba cha Michoro, Shangani

Faili la kwanza aliliita skani.
La pili, skani mpya.
La tatu, skani mpya mpya,
na la nne, baada ya chakula cha mchana nadhani,
hii ndiyo.

Mfaume Nannonde hakuwa mvivu, msimseme.
Vyombo vyote alivijua kwa kichwa:
umwulize usukani wa pantoni la Ruvuma,
anabofya mara mbili, huo hapo.
Kisha barua ya uhamisho ikaja, akapanda basi la Tanga,
na kichwa akaenda nacho.

Nikabaki mimi, feni, na mafaili mia tisa na arobaini
yanayojibu jina moja kama mabinti wa chuoni:
ukiita, wote labeka.

Basi nikageuza kalenda ya chama cha ushirika,
nyuma ya picha ya korosho nikaandika:
mwaka utangulie, tarakimu nne, usikatwe;
kisha aina: tishari, tagi, pantoni, mashua;
kisha jina la chombo, kisha kiungo chake,
mkuku, ubavu, taruma, shetri;
mwisho namba ya karatasi.
Herufi ndogo tupu. Kistari badala ya nafasi.
Na sufuri, jamani, sufuri mbele,
maana kwa mashine kumi humruka mbili
kama kijana mwenye mjomba dirishani.

Wiki ya pili nikafika kwa tishari Ng'ambo.
Mashine ikaikataa ritifaa.
Nikaandika tena, ikakataa tena,
ikasema jina lina alama isiyoruhusiwa,
alama ndogo kuliko kichwa cha msumari
nayo ndiyo inayoshika ubao mzima.
Nikaing'oa
(hata kuing'oa huwezi bila yenyewe).
Ikabaki ngambo.
Itamke. Ulimi unagonga g
kama mguu uliodhani kuna ngazi moja zaidi.
Ngambo ni wapi?
Nani amewahi kuvuka kwenda ngambo?

Alhamisi akaja Bi Somoe Mnali, kutoka Mikindani,
amefunga ming'oko kwenye gazeti,
nayo pia ingekataliwa.
"Natafuta mchoro wa baba. Ule wenye doa la uraka."
Nikaitazama kanuni yangu.
Doa halikuwamo.
Nikamwuliza mwaka. Akacheka:
"Mwaka gani? Mimi nilikuwa mgongoni."

Tukafungua moja moja, tukila.
Saa nane umeme ukakatika; tukangoja, ukarudi.
Kwenye karatasi ya tatu ya 1967, pembeni,
duara la kahawia, kama kitako cha kopo.
"Lenyewe!" Akanyosha kidole hadi kwenye kioo,
kisha akanyamaza, akasogea.
"Lakini hii si saba, mwanangu.
Baba saba yake aliikata kiunoni.
Hii ni moja, imeinama tu.
Alikuwa akiandika kasimama."

Sitini na moja, basi.
Mafaili kumi na moja nikayapa mwaka mwingine,
kwa mkono, hadi adhana ya alasiri:
1961-tishari-ngambo-ubavu-03.
Yakajipanga yenyewe, yakapanda juu ya orodha,
yakawatangulia wadogo zao.

Bi Somoe hakutaka nakala. Alitaka kuliona doa tu.
Mlangoni akauliza kama jina la baba limo.
Nikamwambia kanuni haina nafasi ya mchoraji.
"Haya," akasema,
kwa namna watu wa kwetu wanavyosema haya
wakimaanisha siyo.

Kalenda ingali ukutani. Chini ya namba ya karatasi
nimeongeza mstari kwa penseli, sijaupitishia wino:
mchoraji, kama anajulikana.
Na kwenye daftari, ambalo halikatai kitu:
Ng'ambo, na ritifaa yake;
doa la uraka, kona ya kulia;
saba hukatwa kiunoni.