Rafadha Nane kwa Yuro Sita

Mti wa plamu ndio ulioanza.
Vojteh alirudi kinyumenyume, macho kwenye kioo, si mtini,
na droni ikajikata ukucha kwenye tawi:
kipande cha punje ya mchele,
rafadha ya kushoto, ya mbele.

Yenyewe ilishuka nzima. Lakini nilisikia.
Miaka thelathini na minne nimetambaa ndani ya vinanda vya kanisa,
kutoka Bohinj hadi mpakani mwa Italia,
nikipatanisha mabomba yanayobishana.
"Inachechemea," nikamwambia. "Izime."

Kisha mambo ya bei.
Za kiwandani: jozi moja, yuro kumi na tisa, siku kumi za kungoja.
Za mbadala: nane, yuro sita, kesho kutwa mlangoni,
ncha zake rangi ya chungwa, na bisibisi ya nyongeza.
Nikasema kizuri chajiuza,
hiki mbona kinatembezwa na bisibisi?
Akasema, "Si feki, Zofka. Ni mbadala tu.
Na hiyo nyonga yako, ni ya mtengenezaji wa awali?"

Nilicheka hadi nyonga ikauma.

Zilipofika nilizitandaza juu ya gazeti,
nikapitisha sindano ya kufumia katika tundu la kila moja,
nikaiacha izunguke mpaka itulie yenyewe.
Rafadha yenye adabu hulala popote uiachapo.
Tatu zililala.
Nne ziliinamisha bega moja
kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja.
Ya nane sitaki kuizungumzia.

Basi tupa ya kucha. Chini ya bawa, upande mzito:
pumzi moja ya vumbi, napima,
pumzi nyingine, napima,
vile vile ninavyokwangua mdomo wa bomba la risasi
usiku, kanisa tupu, vidole vimekufa ganzi.
Vojteh akatazama saa. Akasema kwa muda huo
ningetengeneza kinanda kizima
na kuilipia ile jozi ya kiwandani mara tano.
Kweli. Rahisi ina ankara yake,
ila hailetwi na tarishi.

Tulirusha juu ya malisho, mbali na ng'ombe wa jirani.
Mbili kati ya zile nilizokwangua, mbili za zamani za kijivu,
ingawa kila fundi anakataza kuzichanganya.
Ziwa likatetemeka kwenye kioo kama uji uliotoka kuepuliwa,
na hewani sauti mbili, zimekaribiana mno kupatana:
wau, wau, wau.
Hata ng'ombe mmoja aligeuka.

Siku ya kumi na moja boksi la kiwandani likafika,
karatasi laini, nembo iliyochapwa kwa kung'aa.
Nikaitia sindano kwa heshima.
Ya kwanza ikalala. Ya pili
ikainama.
Kidogo. Na nembo yake yote.
Vojteh hakusema kitu, alikwenda kuchemsha kahawa
akipiga mluzi.

Tukakubaliana hivi: juu ya nyasi, za chungwa.
Juu ya maji, za kijivu, kwa kuwa ziwa halirudishi mtu chake.
Madroo mawili. Amani.

Jana jioni akaniambia nigeuke, nitazame mlima.
Nyuma yangu ikapaa, ikasimama hewani:
noti moja, imenyooka, bila chembe ya wau.
"Za kiwandani," nikasema, kwa ile sauti ninayowapa mapadri.
Kimya. Kisha akaishusha polepole,
ikanizunguka, ikaja usawa wa uso wangu,
na mbele ya theluji ya mlima
nikaona duara nne za rangi ya chungwa.

Zile nilizozikwangua. Na ile ya nane,
nisiyotaka kuizungumzia,
aliyoiokota kwenye pipa
na kukaa nayo jikoni usiku nikilala, yeye na tupa yangu.

Nikanyoosha kiganja. Ikatua.
Sikuuliza tena ilitengenezwa na nani.