Safu Mbili

Jina na nambari. Hayo tu ndiyo waliyoyataka.
Mengine yote, alisema Mwachiro,
akiweka funguo za gari juu ya kaunta,
mengine ni takataka.

Daftari lilining'inia mlangoni miaka tisa,
kalamu imefungwa kwa uzi wa katani
kwa ajili ya zile kumi na moja zilizotangulia.
Jalada limenata samli. Kurasa za mwanzo
zimekula unyevu wa masika, wino umegeuka zambarau.
Juu ya kila ukurasa Bi Saumu alipiga mstari kwa rula:
JINA. SIMU. NENO LAKO.

Nimeketi Kibokoni, nyuma ya tanuri lililozimwa,
kompyuta ya kuazima magotini,
nachambua kama mtu achambuaye mchele:
jina huku, nambari huku,
neno chini.

Kulsum wa Makadara.
*Mofa ya leo imenikumbusha meno niliyong'oa.*
Namchukua Kulsum, nachukua tarakimu zake kumi.
Meno nayaacha.

Fundi Lewa, Changamwe.
*Nilisahau mwavuli. Mweusi, mpini kichwa cha bata.*
Kaandika mara nne ndani ya mwezi.
Ya nne: *Basi. Mvua imekwisha.*

Akoth wa Tudor katoa simu ya jirani:
*mkipiga semeni mwataka Akoth, msianze kuuliza bei.*

Na huyu asiyetaja ukoo:
*Jana mlinizidishia chenji, nimeirudisha.
Tafadhali mume wangu asijue nilipita hapa.*
Nambari yake imekaa wazi, mwandiko wa shule, safi.
Huyo nilimruka.
Mwachiro hawezi kuhesabu asichokijua.

Kisha Bi Zuwena, ambaye hakulalamika kwa nathari hata siku moja:

*Mwokaji nisikilize, nakwambia si kwa shari,
chumvi yako ipunguze, imeshinda ya bahari,
moto nao utulize, ukoko umekithiri,
ama sivyo nitangaze, Kuze nzima waghairi.*

Mahali pa simu kaandika: *mlango wa samawati, bisha mara mbili.*
Nikaandika vivyo hivyo kwenye safu ya pili.
Mashine ikapiga wekundu: nambari si sahihi.

Na chini ya kila neno, kwa wino wa kijani,
Bi Saumu: *nimempigia.* *Nimempigia, hakushika.*
*Nimempigia, tumecheka.* *Chumvi nimepunguza.*
Mtu alikuwa akiacha nambari
kama aachavyo mlango umerudishwa tu, bila komeo,
kwa kuwa yuamjua anayekuja.

Ukurasa wa mia mbili na sita nikakuta mwandiko wangu.
*Sina la kusema juu ya mkate. Natafuta kazi. Najua hesabu.*
Nambari ya zamani, ile laini niliyoipoteza Likoni.
Wino wa kijani: *aje Jumatatu.*
Nilikaa kidogo. Feni inazungukia upande mmoja tu.
Sikujua nijiweke safu gani.

Watu elfu moja mia tatu na kumi na moja,
uzito wao wote haufiki picha moja ya paka.
Mwachiro akaja baada ya alasiri, akawatia mfukoni.
Nikamuuliza, na daftari?
"Washia jiko."
Jiko gani tena, na tanuri mumelizima?

Siku ya tatu, tukiondoa magunia ya unga stoo,
bata akachungulia ukutani, vumbi hadi mdomoni.
Nikafungua daftari (lilikuwa chini ya kitanda changu),
nikapiga Changamwe.
Ikalia sana. Nilikuwa nimeshajipanga:
shikamoo, fundi, ni kutoka kwa Bi Saumu, pale penye mofa.

Mtoto akashika.
"Ni nyinyi tena wa ofa?" akasema.
"Baba amesema mtufute."