Bahasha ya Kumi na Tisa

Lushinge, wametuletea karani mpya.
Amekalia kiti chako, akakiongezea mto,
na saa ya ukutani, ile uliyokataza isiguswe,
ameisogeza mbele dakika saba.
Sasa tunakwenda sawa na dunia.
Sijapenda.

Hapa ofisi ya mizigo, stesheni ya Mwanza,
tulikuita Bwana Kale, nawe hujatimiza arobaini.
Magunia ya dagaa yanasubiri mizani,
wewe umeinamia senti yenye tundu,
unaisugua kwa jivu na ndimu
kama mama anayemtoa mtoto tongotongo.
"Hii imenunua chumvi
kabla bibi yako hajaota jino."
Mwenye dagaa akatukana. Ukamwonyesha na yeye.
Akasahau matusi, akauliza bei.
Hukuwa na bei.

Jumamosi ulinikokota Kirumba, kisha Pasiansi,
kwa mtu aliyesemekana anayo tiketi
ya meli aliyopanda babu yake.
Tiketi ikawa risiti ya baiskeli.
Ukainakili vilevile, kwa wino wa bluu,
ukanunua sato wawili tusirudi mikono mitupu.
Njiani nikakuuliza habari za haya mawe.
Ukasema hayakupangwa na mtu,
kwa hiyo hayakuhusu.

Nilikucheka sana, niseme kweli.
"Yaliyopita si ndwele," nilikuambia.
Ukajibu bila kuinua macho:
"Ndwele isiyoandikwa huuguliwa mara mbili."

Wewe uliugua mara moja tu.
Bugando, wodi ya juu, dirisha linatazama ziwa.
Uliniuliza kama treni imeingia.
Nikasema imeingia.
Ilikuwa imekwama Malampaka.

Juzi Nyanzala amenikabidhi boksi lako la bati.
Bahasha zina namba, kwa mwandiko wako wa kubana
kama watu waliogombea benchi moja.
Ya kumi na tisa nyepesi. Nikaimimina kiganjani:
kifungo cheusi.
*Sare ya Kabula, siku yake ya kwanza kazini.
Kilikatika akinyanyua gunia lisilo lake.*

Siku ile nilikitafuta hadi chini ya mizani,
nawe ukapiga magoti, ukatafuta pamoja nami,
ukatikisa kichwa, ukanipa pole.
Mwongo wewe.
Kumbe nimo mfukoni mwako,
nimeshaanza kuwa kale.

Kesho nitamtangulia karani.
Nitapanda juu ya kiti, na mto wake nitaukanyaga,
nizirudishe zile dakika saba.
Hukuwahi kuniambia zilikuwa za nini.