Weupe Uliochimbwa

Karatasi yenyewe ni ndogo, haizidi kiganja.
Nyuma yake kuna hesabu za unga za duka moja la Idrija:
kilo nne, kilo mbili, deni.
Mbele, usiku.

Nilidhani ni doa la masizi. Bi Tilka,
mwenye funguo za chumba hiki, akanivuta kiwiko:
"Usisimame mbali. Aliyeichonga alikuwa na miwani ya kioo kimoja.
Isogelee kama yeye alivyousogelea mti."

Nikasogea.
Giza likaanza kufumuka, uzi kwa uzi:
mwanamke ameketi, mto wa kufumia lesi mapajani,
vijiti vya uzi vinaning'inia kama vidole vya ziada.
Nyuma yake ukuta umekatika,
na pale palipokuwa na kabati
theluji inaingia bila hodi.

Hakuna bunduki. Nilitafuta.
Hakuna bendera, wala maiti.
Kuna kiti kitupu, kimechongwa kwa uangalifu
kuliko uso wa mwanamke,
kila ufa wa mbao na mkwaruzo wake,
nikajua ni cha nani kabla ya kuambiwa.
Hata sasa sijaambiwa.

Ciril alichonga msituni, kipupwe cha arobaini na nne,
kwenye kipande cha mpeasi kilichokatwa kitandani mwa mtoto.
Wino wake: masizi ya taa, mafuta ya kitani.
Alichokikata ndicho kinachong'aa,
asichokigusa ndicho usiku.
Ifikirie kazi hiyo: giza huna haja ya kulichora, lipo tayari,
unachoweza ni kulipunguza
unywele kwa unywele, na ukikosea
hakuna kufuta; jeraha linabaki na mwanga wake.

Lesi nayo ni hivyo hivyo, anasema Bi Tilka,
mashimo ndiyo ua.

Na kosa lipo. Juu ya bega la kushoto
mstari umeteleza, umekata hewa hadi ukingoni.
Wapo wanaosema ni risasi. Wengine, uzi uliokatika.
Mimi naona mkono uliokufa ganzi kwa baridi, basi,
mkono wa mtu mwenye njaa saa ile,
na huo ndio unaonikaba koo.

Tulipozima taa
ule mstari ulibaki machoni mwangu
mpaka ngazini,
mpaka nje kwenye theluji,
ambako Bi Tilka alikuwa akijaribu ufunguo wa tatu, akilaani.