Pua Ikikugeukia

Ilifika dukani Maweni ndani ya sanduku la viatu,
mguu umevunjika, mkia umepinda.
Mwitaliano wa Casuarina akasema, "Chukua, Tsofa,
mimi na helikopta hii hatuelewani tena,"
akaenda zake uwanja wa ndege na mabegi matatu.

Mimi hutengeneza redio.
Redio haina kichwa wala mkia,
ukiigeuza, bado inasoma habari.
Hii ukiigeuza, inakugeuka.

Wiki nzima ilizunguka kama pia.
Nililaumu upepo. Nililaumu betri.
Dzendere, kidato cha kwanza, mdomo umejaa mabuyu, akasema:
"Baba, rafadha kubwa inakwenda kulia,
kwa hiyo mwili unataka kwenda kushoto.
Kazi ya ile ndogo ya mkiani ni kukataa tu.
Yako haina nguvu ya kukataa."

Tukaifungua.
Ukanda umelegea kama mpira wa kaptura kuukuu,
na chumvi ya Malindi, isiyosaza kitasa wala bawaba,
imekaa kwenye kipete kinachosukuma mapanga:
kinakwama, kinaachia, kinakwama.
Mswaki. Mafuta ya cherehani ya mama yake.
Kile kidude kinachohisi mzunguko, kidogo kuliko kiberiti,
tulikiongeza ukali, mkia ukatetemeka
kama wa mbwa aliyesikia sahani.
Tukapunguza, mkia ukasinzia, ukapotea njia.
Bisibisi robo ya robo,
hapo ukatulia.

Kiwanja cha shule Muyeye, Jumapili, saa kumi na mbili na nusu,
kabla watoto wa mpira hawajaamka.
Mianzi miwili msalaba chini ya tumbo,
ncha nne, vipira vinne vya tenisi ya meza.
Mkia kwangu, pua kule.
Kushoto ni kushoto. Nikajiona rubani.

Kisha ikanigeukia.

Kioo chake kikinitazama machoni,
nikapeleka kidole kulia, ikakimbilia kushoto kwangu.
Nikazidisha kulia, ikazidi kukimbia.
Kulia, kulia, kulia,
mpaka ikalia yenyewe, mdomo mchangani.
Mapanga mawili, shilingi elfu moja na mia nne,
na wiki tatu za kusubiri kifurushi kutoka Mombasa.

Dzendere hakucheka.
Alisimama mbele yangu, uso kwa uso,
akainua mkono wake wa kushoto.
"Inua kama huu."
Nikainua uliokabili wake. Wa kulia.
"Ndivyo unavyoanguka," akasema.
"Usiirushe ukiwa umesimama huko. Ingia, kaa ndani yake.
Na usiufuate mkia, mkia mwongo:
ukienda kushoto, pua inakwenda kulia.
Shika pua.
Ikikuelekea na kulala upande,
peleka kijiti upande uleule unaozama,
kama unamwekea mgonjwa mto."

Miaka kumi na mitatu tumekula meza moja,
yeye ng'ambo, mimi huku,
na kila nilipomnyoosha
nilisukuma kwa kushoto kwangu.
Hilo sikulisema.
Nilichana pindo la kanga ya rangi ya chungwa, nikafunga mkiani
ili niuone jua likinichoma macho.

Hatukuirukia pua moja kwa moja.
Kwanza tuliigeuza kidogo, ubavu haujaonekana wote,
wiki moja upande huu, wiki moja ule,
polepole, kama mlango unaofunguliwa
na mtu asiyetaka kuamsha nyumba.
Upepo ukija, pua inataka kuutazama,
nami naizuia kwa unyayo wa kidole, si kwa ngumi.
Siku nyingine tulirudi na vipira vitatu.
Siku nyingine hatukuwasha kabisa,
nilimsikiliza tu akinisimulia mwalimu wa fizikia.

Jumapili ya tisa, daftari lake, mwandiko wa kulala:

Upepo mdogo. Betri dakika nne.
Pua kwa Baba: sekunde kumi na moja.
Ametaja "kulia" kwa sauti mara nne,
mara tatu amekosea.
Mkono haukukosea.