Kitunguu

Nilitafuta mara moja tu, usiku, kwa bando la mia tano:
"miaka sita bila mtoto, kasoro ni ya nani."
Kesho yake mawifi wakafika kutoka Urambo.
Simu inapita mkono kwa mkono, watazame video ya harusi ya Kulwa,
na kabla keki haijakatwa
likachomoza tangazo la kliniki ya uzazi:
kitoto kinacheka, hakina jino.
Hakuna aliyesema kitu.
Wifi mkubwa alinirudishia simu
kama anayerudisha sahani yenye mwiba.

Jumatatu nikashuka Isevya kwa Nyamizi, fundi simu,
bisibisi kaichomeka kwenye kilemba.
"Nataka kivinjari kisicho na mdomo."
Hakucheka.

"Hiki ulichonacho kinakuchuuza.
Hali ya siri? Usidanganyike,
inafagia uwanja wako tu;
nyayo za barabarani zinabaki, na wenye laini wanazihesabu.
Hiki kinafukuza matangazo, kizuri,
ila jina lako bado liko mlangoni.
Labda hiki."
Akabonyeza. Kitunguu.
"Swali lako linavikwa maganda matatu,
linapitia kwa watatu wasiojuana.
Wa kwanza anakuona, hajui uendako.
Wa mwisho anajua liendako, hajui limetoka kwa nani.
Wa katikati, maskini, hajui lolote.
Ila ni kizito. Utangoja."

Kungoja!
Kungoja nani anifundishe?

Kweli kinajikokota, kama garimoshi la Mpanda wakati wa masika.
Nikakisubiri jikoni, maharage yanatokota,
hadi ukurasa ukafunguka
nikauliza bila kujifunika khanga usoni.
Nikajibiwa kama mtu asiye na jina, yaani vizuri:
hata mwanamume hupimwa.
Nendeni wote wawili.

Wote wawili. Nikalisoma hilo mpaka likaungua,
maharage nayo yakaungua.
Nitamwanzia wapi Msagata?

Jana umeme ukakatika. Nikaomba simu yake nimulike chungu.
Natafuta tochi, kidole kikateleza,
na pale pembeni, kimejibanza nyuma ya kikokotoo,
kitunguu.

Sikukifungua.
Nilimrudishia simu, nikawasha kibatari,
nikaanza kumenya vitunguu vya mboga, polepole,
ganda, na ganda.
Akauliza nalia nini.
"Vitunguu," nikasema.

Akanitazama kitambo.
Akavuta kigoda,
akachukua kisu cha pili.